Kusafiri Mbali kwa Baiskeli na Fedha Kidogo: Habari za Wasafiri wa Zamani

Miongoni mwetu tuliokaa mabwenini hakuna asiyekumbuka mazungumzo ya usiku, taa zikisha kuzimwa, ya kwamba shule ikifungwa fulani na fulani watachukua baiskeli na kwenda nazo mpaka pwani, au mpaka Kampala, au kokote kule ambako barabara itawafikisha. Wengi hawakwenda. Miguu walikuwa nayo. Fedha hawakuwa nazo, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia ni kiasi gani kingetosha. Naambiwa kwamba mazungumzo hayo yangalipo shuleni hata leo, na swali ni lile lile. Kwa kuwa mhariri amenipa kurasa chache za historia, nimeona nizitumie kueleza jinsi watu waliosafiri kweli kweli kwa baiskeli, masafa ya maelfu ya kilometa, walivyoziendesha fedha zao. Hesabu zao baadhi tunazo. Lakini zina pengo, na nitalifikia pengo hilo baadaye.

Kwanza yatupasa kuelewa kwa nini baiskeli ilikuwa jambo kubwa kwa msafiri asiye na mali. Kabla yake, mtu aliyetaka kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji alihitaji msafara. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30. Ndani ya mizigo hiyo zilikuwamo jora za merikani, shanga na nyaya za shaba, kwa maana ndizo zilizokuwa fedha za njiani: za kununulia chakula na kulipia hongo kwa watemi ambao nchi zao zilipitwa. Kila mpagazi alikula posho. Posho iliponunuliwa kwa nguo, nguo nyingi zaidi zilihitajika. Na nguo zikiwa nyingi, wapagazi wa kuzibeba huongezeka, nao pia hula. Ndiyo maana safari za bara zilikuwa za matajiri, au za watu waliokopeshwa na matajiri wa Unguja. Baiskeli iliukata mduara huo. Chombo hakili, hakilali njaa, na mzigo wake hubebwa na yule yule anayekipanda.

Mtu aliyeyajua mambo yote mawili ni Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani. Mwezi wa Aprili 1884 aliondoka upande wa San Francisco juu ya baiskeli ya zamani, ile yenye gurudumu moja kubwa sana mbele na dogo nyuma, akafika Boston mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mwaka uliofuata akavuka bahari, akapita Ulaya, Uturuki na Uajemi, kisha India, China na Japani, akamaliza Yokohama mwezi wa Desemba 1886. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli ndiye huyo. Mizigo yake alipoanza ilikuwa soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema na tandiko. Kwa sehemu ya pili ya safari alipata msaada wa jarida la Outing, akawa analiandikia. Basi mtu huyu huyu ndiye aliyekuja kwetu mwaka 1889, safari hiyo akitumwa na gazeti la New York World kumtafuta Stanley, ambaye alikuwa njiani akirudi kutoka kwa Emin Pasha. Alipita Unguja, akaenda bara mpaka sehemu za Kilimanjaro. Lakini huku hakuja na baiskeli. Alikwenda na msafara wa wapagazi kama wasafiri wengine wa wakati ule. Aliyeizunguka dunia na shati moja la akiba, Afrika ya Mashariki ilimtaka awe na mizigo ya vitambaa.

Sasa nije kwenye hesabu. Mwenye kutuachia hesabu iliyo safi kuliko zote ni mwanamke, Dervla Murphy wa Ireland, na habari zake zastahili kuelezwa kwa kirefu.

Alizaliwa Novemba 1931 katika mji mdogo wa Lismore, baba yake akiwa mkutubi wa wilaya. Alipotimiza miaka 10 alipewa zawadi mbili, baiskeli iliyokwisha tumika na kitabu cha ramani. Siku chache baadaye, akipanda kilima karibu na mji wao, akaazimia kwamba siku moja atakwenda India kwa baiskeli. Azimio hilo lilikaa miaka 20 na zaidi. Alipokuwa na miaka 14 aliacha shule ili amwuguze mama yake, ambaye ugonjwa wa viungo ulikuwa umemlemaza, akamhudumia hadi mama huyo alipofariki mwaka 1962. Baba alikuwa amekwisha fariki mwaka mmoja nyuma. Hapo ndipo alipotoka. Tarehe 14 Januari 1963, katika majira ya baridi makali kuliko yaliyozoeleka Ulaya, aliianza safari kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kuelekea Delhi.

Mtu wa namna hii hakuwa na mfadhili wala gazeti nyuma yake. Tazama basi alivyopanga. Baiskeli yake, aliyoiita Roz, ilikuwa ya kawaida ya kiume, chapa Armstrong Cadet, yenye gia 3. Gia hizo akaziondoa, kwa sababu alijua kwamba katika barabara za Asia zingeharibika, na zikiharibika hakuna fundi wa kuzitengeneza wala duka la kununua nyingine. Tairi za akiba hakuzibeba. Alizitanguliza kwa posta katika miji ya mbele, azikute. Nguo zilikuwa chache. Theluji ilipofunga njia huko Yugoslavia, hakuona haya kuomba nafasi katika lori. (Wako wapanda baiskeli wa siku hizi wanaoona kwamba kupanda gari hata kilometa moja ni kuiharibu safari. Mimi nadhani hiyo ni anasa ya mtu mwenye tikiti ya kurudi mfukoni.) Afghanistan, katika ugomvi uliozuka ndani ya basi, alipigwa na kitako cha bunduki, mbavu zikavunjika. Akapumzika, akaendelea.

Alipofika Delhi, kwenye joto la Julai, alikuwa ametumia pauni 64, shilingi 7 na peni 10. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba wakati ule shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa sawasawa na shilingi ya Kiingereza, 20 kwa pauni. Kwa hiyo kwa fedha zetu za 1963 safari nzima iligharimu shilingi 1,287 na senti 83. Ukizigawa kwa siku za miezi 6, unapata kama shilingi 7 kwa siku, kula, kulala, na matengenezo ya baiskeli yakiwamo. Kitabu chake cha safari hiyo, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965, naye akaishi kwa kuandika mpaka alipofariki Mei 2022.

Shilingi 7 kwa siku zilimtoshaje? Kwa upande mmoja jibu ni rahisi. Alikula walichokula wenyeji: mkate wa tanuri, mayai, maziwa, chai, na matunda ya msimu katika milima ya kaskazini ya Pakistan. Hakulala katika hoteli za wageni. Afghanistan alilala katika nyumba za chai, ambako mtu akinunua chai hupata na pahali pa kujinyosha sakafuni pamoja na madereva na wachungaji. Kwingine alilazwa katika vituo vya polisi. Na mara nyingi, mara nyingi sana, alilazwa na kulishwa katika nyumba za watu, na watu hao walikataa kupokea fedha.

Hapo ndipo lilipo pengo nililolitaja. Zile pauni 64 ni fedha zilizotoka mfukoni mwa msafiri. Kuku aliyechinjwa katika kijiji cha mlimani hayumo katika hesabu. Blanketi lililoondolewa kwa mtoto akapewa mgeni halimo. Kuni, maji yaliyotekwa mbali, kandili iliyowashwa usiku kucha ili mgeni asiogope giza, vyote hivyo viliigharimu nyumba fulani, na nyumba hiyo mara nyingi ilikuwa maskini kuliko huyo aliyekaribishwa. Bibi Murphy mwenyewe alilijua jambo hili, wala hakulificha. Kitabu chake kimejaa shukrani kwa watu hao. Na alipofika India alikwenda Dharamsala akafanya kazi miezi kadhaa ya kuwatunza watoto wa wakimbizi wa Tibet. Lakini tarakimu husafiri upesi kuliko shukrani. Watu wanaosimulia safari yake huitaja ile jumla ya pauni na shilingi, wakadhani kwamba hiyo ndiyo bei ya kwenda India.

Sisi tuliokua na usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunaelewa vizuri kwamba ukarimu una hesabu yake. Msafiri wa baiskeli ana bahati moja: siku ya tatu hafiki. Hulala usiku mmoja, kesho alfajiri amekwenda, na kila kijiji humpokea kama mgeni wa siku ya kwanza. Mtu mmoja aweza kusafiri hivyo mwaka mzima asishike jembe hata mara moja. Sisemi kwamba ni wizi. Nasema tu kwamba mwanahistoria akiandika gharama za safari, yampasa kuuliza pia nyumba zilizolala njaa kidogo.

Yuko mwingine ambaye historia yake ni ya uchungu zaidi, na huyu alipita karibu nasi. Kazimierz Nowak alikuwa Mpolandi, aliyezaliwa mwaka 1897. Kazi zilipokuwa haba Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1930, naye akiwa na mke na watoto wawili wa kulisha, alibuni mpango ambao ndugu zake bila shaka waliuona wa kichaa: kwenda Afrika na baiskeli kuukuu na kamera, apige picha, aandike makala, ayatume magazetini, na malipo yamfikie mkewe. Aliondoka Novemba 1931, akaingia Afrika kwa upande wa Tripoli. Akapita Libya, Misri na Sudan, kisha Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi, akashuka mpaka Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya bara hili, mwaka 1934. Wengi wangeishia hapo wakapanda meli. Yeye aligeuka akarudi kwa nchi kavu, kupitia magharibi. Baiskeli ilipomwishia akaendelea kwa farasi, kwa mtumbwi, kwa miguu, na katika Sahara kwa ngamia, akafika Algiers mwishoni mwa 1936. Masafa yote yalikuwa kama kilometa 40,000.

Angalia tofauti yake na wengine. Stevens alikuwa na jarida. Bibi Murphy alikuwa huru, hana anayemtegemea. Nowak alikuwa baba wa watoto, na kila senti aliyoibania njiani ilikuwa ya nyumbani. Kubana kwake hakukuwa mchezo. Alilala katika hema yake porini, alivaa nguo mpaka zikawa matambara, na malaria ikamshika tena na tena. Alirudi kwao mwili umekwisha. Tarehe 13 Oktoba 1937, hata mwaka haujatimia tangu aondoke Algiers, akafa Poznań akiwa na umri wa miaka 40. Habari zake zilisahauliwa kwa miaka mingi, mpaka makala zake zilipokusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2000. Mwaka 2006 kibao cha kumbukumbu yake kilizinduliwa katika stesheni ya treni ya Poznań na mwandishi Ryszard Kapuściński, ambaye wasomaji wa habari za Afrika wanalijua jina lake. Nowak aliandika kwa heshima juu ya Waafrika aliokutana nao na kwa ukali juu ya jinsi wakoloni walivyowatenda, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mzungu wa wakati wake.

Pamoja na hayo tusijifanye hatuoni. Hata maskini kama Nowak alikuwa na kitu ambacho babu zetu hawakuwa nacho. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, mwanamume Mwafrika wa Kenya alitakiwa kutembea na kipande, cheti chenye alama za vidole na jina la tajiri wake, kilichotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Afrika ya Kusini zilikuwapo sheria za pasi. Mkulima wa Nyanza ambaye angeamka siku moja, akapanda baiskeli, akasema anakwenda Cape kutazama dunia, angesimamishwa kabla hajavuka mpaka wa pili, aulizwe anamfanyia nani kazi. Kusafiri kwa fedha kidogo kulikuwa ni haki ya wachache. Yule asiye na fedha na asiye na pasi hakuitwa msafiri. Aliitwa mzururaji, akapelekwa mahakamani.

Wako waliovunja kawaida hiyo. Mwaka 1923 vijana 6 wa Kiparsi waliondoka Bombay kwa baiskeli kwenda kuizunguka dunia, raia wa nchi iliyotawaliwa wakizipita nchi za watawala. Watatu kati yao, Adi Hakim, Jal Bapasola na Rustom Bhumgara, waliikamilisha safari na kurudi nyumbani mwaka 1928, baada ya kilometa zipatazo 71,000. Ningependa vijana wetu wawajue hao kuliko mabingwa wa mashindano ya Ufaransa, lakini kila mtu na apendacho.

Njia nyingine ya kujilipia ni ile ya Heinz Stücke, fundi wa Kijerumani aliyetoka kijiji chake cha Hövelhof mwaka 1962. Alikuwa na baiskeli nzito ya gia 3, na alichapisha vijitabu vidogo vyenye picha na habari za safari yake akawa anaviuza njiani. Mnunuzi alipata kitabu, muuzaji alipata mkate wa kesho, hakuna aliyebaki anadai. Kwa biashara hiyo alizunguka kama miaka 50, zaidi ya kilometa 600,000, na aliporudi kukaa kwao mwaka 2014 alikuwa amezeeka. Kwangu mimi huyu ndiye aliyelitatua lile tatizo la jembe kwa njia nadhifu zaidi, ingawa sitamshauri kijana yeyote akae barabarani miaka 50.

Na sisi wenyewe je? Sidhani kama tuna haja ya kufundishwa na wageni namna ya kwenda na baiskeli kwa gharama ndogo. Neno bodaboda, ambalo leo kila mtu analihusisha na pikipiki, lilizaliwa na baiskeli za Busia zilizobeba watu na mizigo toka mpaka mpaka mpaka, kati ya Kenya na Uganda. Wauza mkaa na ndizi wa nchi zetu zote hizi husukuma juu ya karia moja mzigo ambao zamani ungehitaji wapagazi wanne. Watu hawa waligundua bila kusoma kitabu yale aliyoyagundua Bibi Murphy: kwamba baiskeli iliyo rahisi ndiyo iliyo nafuu. Ile baiskeli nyeusi ya Kichina au ya Kihindi, yenye breki za vyuma na tairi za inchi 28, ni nzito kweli, lakini tairi lake lipo katika duka la kijijini, spoki zake zipo, na fundi chini ya mwembe anaijua kama anavyoijua sala. Baiskeli ya mashindano huenda mbio mpaka siku inapovunjika kitu ambacho hakipatikani isipokuwa mjini, na hapo msafiri hulipa nauli, malazi ya kungojea, na bei ya kipuri.

Wanafunzi wakitaka kujaribu, basi na waanze na hiyo. Viraka na solusheni, pampu, spoki chache, chandarua, na dawa ya malaria ambayo haistahili kubaniwa hata kidogo. Nowak ni shahidi. Chakula kinunuliwe sokoni asubuhi, kabla jua halijapanda na bei nayo kupanda. Maji ni mzigo mzito kuliko vyote, hivyo njia ichaguliwe kwa visima vyake.

Kuhusu kulala, watakaribishwa. Watu wa nchi hizi hawajabadilika kiasi hicho. Dervla Murphy mwenyewe aliligundua hilo mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alipopanda baiskeli kutoka Kenya kupitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Zimbabwe. Kitabu chake cha safari ile amekipa jina lenye neno la Kiswahili, The Ukimwi Road, kwa sababu karibu kila alipofika alikuta msiba. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijapatikana, na nyumba nyingi alizozipita zilikuwa zimeachiwa mabibi na wajukuu. Nyumba za namna hiyo zilimpokea pia. Vijana waendao na daftari la matumizi na walifungue kurasa mbili mbili: upande wa kushoto fedha walizotoa, upande wa kulia vile walivyopewa, na jina la kijiji. Wakirudi, mhariri wa toleo lijalo atazihitaji pande zote mbili.